Damu imepungua: kutoka jagi la rozela hadi kidonge cha chuma, hatua kwa hatua

Mama mjamzito akirudi kutoka kliniki na kusema damu yake ni 9, nyumba nyingi za Mwanza humwandalia kitu kile kile: jagi la rozela. Jirani ataongeza bitiruti, shangazi atasaga tembele mbichi, na atakayekuja jioni atasisitiza soda nyeusi na maziwa. Wote wanampenda, na hakuna anayestahili lawama. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya dawa hizi zilichaguliwa kwa macho. Ni nyekundu, basi zitaongeza chekundu.

Wekundu wa rozela ni rangi ya mmea, anthosianini. Wa bitiruti ni betalaini. Rangi hizo hazina chuma. Wekundu wa damu unatoka kwenye hemoglobini, ambayo katikati yake kuna chuma, na mwili hauwezi kutengeneza chuma hicho wenyewe. Lazima kiingie kwa mdomo au kwa mshipa, na lazima kiingie kingi kuliko kinachotoka. Kila kinachofuata hapa kinahusu mambo hayo mawili: kinachoingia na kinachotoka.

Hatua ya 1: pata namba, kisha uliza maana yake

Viganja vyeupe, kope la ndani lililopauka, kuchoka ukipanda mlima wa Bugando au Mabatini, moyo kwenda mbio, kucha kubonyea kama kijiko: hizo ni dalili za kukufanya ushuku tu. Mtu mwenye 9 anaweza kuonekana mzima kabisa, hasa kama damu imeshuka polepole kwa miezi. Pima.

Kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) hufanyika hata zahanati, kwa tone la kidole. Tone la kwanza lifutwe, la pili ndilo lipimwe, na kidole kisikamuliwe kwa nguvu, maana majimaji ya nyama huchanganyika na damu na namba ikashuka kwa uongo. Mwombe mpimaji akuandikie namba yenyewe. Neno "imepungua kidogo" halitakusaidia mwezi ujao utakapotaka kulinganisha.

Mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Mjamzito ni chini ya 11 (katika miezi mitatu ya kati 10.5 hukubalika), na mwanamume ni chini ya 13. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 ni chini ya 11. Mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa chini ya 7, huo ni upungufu mkali, wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Watu wazima wengine mpaka wao ni 8.

Namba hiyo haisemi sababu. Ukiweza, omba picha kamili ya damu. Chembe nyekundu zikiwa ndogo, yaani kipimo cha MCV kikiwa chini ya 80, chuma ndicho cha kushukiwa kwanza. Kipimo cha feritini huonyesha akiba: chini ya 15 kwa mtu mzima maana yake ghala ni tupu. Usipimwe feritini ukiwa na homa au maambukizi, kwa sababu hupanda wakati huo na kuficha upungufu.

Hatua ya 2: tafuta inakotokea

Hapa ndipo watu wa kando ya ziwa wanapokosea zaidi, kwa sababu wanakimbilia kujaza bila kuziba.

Anza na minyoo ya safura. Wazee waliita safura hali yenyewe ya kupauka na kuvimba, na walikuwa sahihi. Mnyoo huyu hung'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu. Aina ndogo hunywa kama mililita 0.03 kwa siku, aina kubwa hufika mililita 0.2. Fanya hesabu: minyoo 100 wa aina ndogo wanakula mililita 3 za damu kila siku, na kila mililita ina karibu nusu miligramu ya chuma. Hiyo ni miligramu 1.5 kwa siku. Mtu mzima anayekula kawaida hufyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku. Kwa hiyo karibu chuma chote anachopata kwenye chakula kinaishia kwa minyoo, na rozela haiwezi kubadili hesabu hiyo. Dawa ni albendazo miligramu 400 au mebendazo miligramu 500, mara moja. Mjamzito asimeze katika miezi mitatu ya kwanza. Minyoo hii huingia kwa kupenya ngozi ya mguu, kwa hiyo viatu bustanini na chooni ni sehemu ya tiba.

Kichocho ni cha pili. Kinachoenea kando ya Ziwa Victoria ni kile cha tumbo, kinachopatikana kwa kuingia maji ya ziwa: kuoga, kufua, kuchota, kuvuta nyavu. Damu hupotea kidogo kidogo chooni, na kikikaa miaka huharibu ini hadi mtu kutapika damu. Kile cha mkojo huonekana zaidi mbali na ziwa, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Pima choo na mkojo. Prazikwanteli hutolewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, baada ya kula, kwani kwenye tumbo tupu kichefuchefu ni kikali.

Malaria huvunja chembe nyekundu, hivyo ipimwe kila damu inaposhuka ghafla, hata kama homa si kali. Kwa wanawake, hedhi inayozidi siku 7, au inayolazimu kubadili pedi kila saa moja au mbili, au yenye mabonge makubwa kuliko sentimita 2.5, inatosha peke yake kumaliza akiba. Mwanamume mwenye upungufu wa chuma achunguzwe tumbo. Vidonda vya tumbo na matumizi ya kila siku ya dawa za maumivu kama diklofenaki huvujisha damu bila kelele.

Halafu selimundu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye wagonjwa wengi wa selimundu. Mgonjwa wa selimundu ana damu kidogo kwa sababu chembe zake zinavunjika haraka, na chuma cha chembe hizo hubaki mwilini. Akiongezewa damu mara kwa mara, chuma humzidi na kuharibu ini na moyo. Mtoto anayevimba vidole, mwenye macho ya manjano na maumivu ya mifupa asipewe dawa ya chuma kabla ya kipimo cha selimundu na ushauri wa daktari.

Tiba za nyumbani, moja baada ya nyingine

*Rozela.* Chuma chake kikombeni ni kidogo mno. Vitamini C iliyomo husaidia kufyonza chuma cha chakula, lakini ukichemsha maua makavu kwa nusu saa nyingi inapotea, na ndani ya kikombe hicho kuna polifenoli zinazofanya kinyume chake. Rozela pia hushusha presha, kwa hiyo anayemeza dawa za presha awe na kiasi. Ukiipenda, inywe kama kinywaji kati ya milo, sukari kidogo. Isichukue nafasi ya vidonge.

*Juisi ya tembele mbichi.* Majani yana chuma, ila kimefungwa na oksalati na sehemu ndogo tu huingia mwilini. Tatizo kubwa zaidi ni ubichi wenyewe. Majani yaliyomwagiliwa maji ya mtaro, yakasagwa bila kupikwa, hubeba taifodi, amiba na mayai ya minyoo. Unakunywa minyoo ukidhani unaongeza damu. Pika tembele.

*Juisi ya kisamvu.* Usiguse. Majani mabichi ya muhogo hutoa sianidi. Kisamvu hutwangwa, kikachemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa sababu sumu hiyo hutoka na mvuke.

*Bitiruti.* Gramu 100 zina chini ya miligramu 1 ya chuma. Ni mboga nzuri, na mkojo ukiwa mwekundu baada yake ni rangi tu, si damu.

*Unga wa mlonge.* Maabara huonyesha chuma kingi katika gramu 100, lakini hakuna anayekula gramu 100. Kijiko cha chakula ni kama gramu 8, na chuma chake hufyonzwa kwa shida. Nyunyizia kwenye uji ukipenda.

*Soda nyeusi na maziwa.* Soda haina chuma, na kalsiamu ya maziwa huzuia kile kilichokuwa kwenye chakula.

*Msumari kwenye maji ya ndimu.* Wazo la nyuma lina ukweli: chuma huyeyuka kwenye asidi, na huko Kambodia watu wamechemsha kipande maalumu cha chuma ndani ya chakula kwa makusudi. Lakini kile kilitengenezwa kwa chuma kilichopimwa. Msumari wa dukani mara nyingi umepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka kwenye ndimu huleta kutapika na kuumwa tumbo. Chuma chakavu kinaweza kuwa na risasi. Ukitaka faida hiyo kwa usalama, kaangia nyanya kwenye kikaango kizito cha chuma cha kusubu.

*Pemba.* Udongo huu wa vijiti, unaouzwa sokoni karibu na ndizi na karanga, unastahili maelezo marefu kidogo. Hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na mwanamke anayeitamani haoneshi tabia mbaya, anaonesha ugonjwa. Bahati mbaya udongo wa mfinyanzi hushika chuma tumboni na kukizuia kuingia, kwa hiyo unaongeza kile unachotaka kutuliza. Udongo wa kuliwa wa kanda hii uliopimwa kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu umekutwa na aseniki na risasi, sumu zinazomfikia mtoto tumboni. Kumgombeza mama hakusaidii. Aanze vidonge, na mara nyingi hamu hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Kwa siku za mwanzo apewe kitu kikavu cha kutafuna, kwa mfano karanga au mihogo iliyokaangwa.

Chakula kinachofanya kazi, na namna ya kukipika

Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa asilimia 15 hadi 35. Cha mboga, maharage na nafaka ni asilimia 2 hadi 20, kutegemea umekila na nini. Kipande kidogo cha nyama au samaki kikiwa ndani ya mboga hukiamsha hata chuma cha mboga hiyo.

Ndiyo maana dagaa wa ziwa ni bora kwetu kuliko bitiruti ya bei ghali. Wanaliwa wazima, ni wa bei nafuu, na kwenye soko la Mwaloni Kirumba wanapatikana mwaka mzima. Chagua waliokaushwa juu ya chanja. Wa mchangani wana changarawe na mara nyingi uchafu. Namna ya kupika mlo wa watu wanne:

Chambua gramu 100 za dagaa wakavu, mikono miwili iliyojaa. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5, kisha watoe kwa kuwanyanyua na vidole. Usimwage maji wakiwamo ndani, maana mchanga ulioshuka chini utarudi juu yao. Rudia mara tatu, hadi chini ya beseni pawe safi. Kaanga kitunguu na nyanya 3, tia dagaa, pika dakika 10. Fungu mbili za mchicha zichemshe pembeni dakika 3 na umwage maji yake, kwa sababu oksalati hutoka na maji hayo, kisha changanya na dagaa. Epua. Sasa ndipo ukamulie ndimu, wala si wakati chungu kinachemka, kwani moto huua vitamini C. Kula na ugali, malizia na pera au chungwa.

Na chai? Hapa ndipo mlo mzuri huharibika. Kikombe cha chai ya rangi pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mboga kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hupunguza, ingawa si kwa kiwango hicho. Usiache chai, isogeze tu: saa moja kabla, au saa mbili baada ya kula.

Maini ya ng'ombe yaliyopikwa yana miligramu 6 hivi kwa gramu 100, ya kuku zaidi. Bandama ina nyingi kuliko zote, zaidi ya 40 ikiwa mbichi, na buchani huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu wengi hawaitaki. Ipike hadi iive kabisa. Mjamzito awe na tahadhari na maini, kwa kuwa yana vitamini A nyingi sana ambayo ikizidi hudhuru mimba changa. Ayaache miezi mitatu ya kwanza, baadaye kipande cha gramu 50 mara moja kwa wiki kinatosha.

Maharage na kunde ziloweke usiku kucha, mwaga maji. Ulezi ufanye kimea: loweka saa 12, funika kwa kitambaa kibichi siku 2 hadi uchipue, anika, saga. Kuchipua hupunguza fitati inayofunga chuma.

Hatua ya 3: vidonge, na kwa nini vinachukua miezi

Chukua mtu mzima wa kilo 60 mwenye damu 8. Kumfikisha 13 kunahitaji takribani miligramu 720 za chuma, na kujaza ghala lake miligramu 500 nyingine. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina miligramu 65 za chuma halisi, na mwili wenye njaa ya chuma hufyonza labda 6 hadi 13. Kwa 10 kila siku ni miezi minne. Hakuna juisi ya wiki moja inayoweza kufika huko, na anayekuahidi hivyo hakufanya hesabu.

Meza kidonge kimoja, mara moja kwa siku, kwa maji au juisi ya chungwa, saa moja kabla ya kula. Kisimezwe na chai, maziwa wala uji wa maziwa. Wengi humeza FEFO (kidonge cha chuma na asidi ya foliki) asubuhi pamoja na chai na maandazi, kisha wanashangaa mwezi wa pili namba iko pale pale. Asubuhi na mapema, tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chai, ni wakati mzuri zaidi.

Kumeza viwili au vitatu kwa siku hakuharakishi. Kidonge kimoja hupandisha hepsidini, homoni inayofunga mlango wa utumbo kwa muda wa saa 24 hivi, na vinavyofuata hupita moja kwa moja chooni vikikuumiza tumbo. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, siku moja umeze siku moja upumzike hufanya kazi vizuri, na tumbo linatulia. Mjamzito afuate kipimo cha kila siku alichoandikiwa kliniki.

Choo kitakuwa cheusi. Ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, hiyo ni damu kutoka tumboni. Kichefuchefu kikizidi, meza baada ya chakula chepesi. Utapoteza kiasi, lakini ni afadhali kuliko kuacha. Kukosa choo hutibiwa kwa maji mengi, papai na mboga.

Tenganisha chuma kwa saa 2 hadi 3 na dawa za kutuliza asidi, kalsiamu, doksisaiklini na siprofloksasini. Mjamzito anayemeza SP ya kuzuia malaria asichanganye na vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5 alivyonunua mwenyewe, kwani hupunguza nguvu ya SP. Kiasi kilichomo kwenye FEFO hakina shida hiyo.

Mtoto hupewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo kwa siku, na mtaalamu ndiye wa kuhesabu. Usimpe sirapu ya chuma "kwa kinga" bila kipimo katika eneo la malaria. Utafiti mkubwa uliofanyika kisiwani Pemba na kuchapishwa 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kuchaguliwa walilazwa au kufariki kwa wingi zaidi, ilhali wale waliokuwa na upungufu kweli walinufaika. Pima kwanza, tibu malaria, alale ndani ya chandarua, kisha chuma.

"Sindano ya kuongeza damu" ya duka la dawa ikatae. Mara nyingi ni vitamini tu, na ikiwa ni chuma kweli, mzio wake unaweza kumuua ndani ya dakika chache mtu aliye mbali na msaada. Chuma cha mshipani kipo na ni kizuri, kwa asiyevumilia vidonge au mjamzito aliyekaribia kujifungua, ila ni cha hospitali.

Usisubiri

Kuhema ukiwa umekaa, kuzimia, miguu kuvimba pamoja na kupauka, mtoto anayekataa kunyonya akiwa na viganja vyeupe, kutokwa damu ujauzitoni: nenda saa hiyo. Hospitali za Sekou Toure na Bugando wanaongeza damu. Walioko Ukerewe, Ukara na visiwa vidogo wahesabu na muda wa boti. Mjamzito mwenye damu chini ya 9 akifika wiki ya 34 apange mapema mahali pa kujifungulia, maana mtu mwenye damu kidogo hana damu ya ziada ya kupoteza.

Hatua ya 4: rudi kupima

Baada ya wiki 4 namba inapaswa kupanda kwa gramu 1 hadi 2. Imepanda? Endelea, na ikifika kawaida ongeza miezi 3 ya kujaza ghala. Wengi huacha hapo, na baada ya nusu mwaka wanarudi walikotoka. Haijapanda? Jiulize kwa mpangilio: nilimeza kweli, nilimeza na chai, bado natoka damu, nilipimwa minyoo na kichocho, nilipimwa selimundu. Mweleze mhudumu majibu hayo bila kuficha.

Vidonge vyenyewe viweke kwenye kabati lenye kufuli, si juu ya friji wala chini ya mto. Ni vyekundu, vitamu kwa nje, na mtoto huviona pipi. Mtoto wa kilo 10 akimeza 10 amepata miligramu 65 kwa kila kilo, kiasi kinachoweza kumuua. Atatapika, kisha ataonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa, na nafuu hiyo ni ya uongo. Mkimbize hospitali na pakiti mkononi hata kama anacheza.